Namna ya Kuchagua Programu Huria za Kukagua Mtindo na Mpangilio wa Maandishi ya Kiswahili

Mhariri wa Kiswahili anayefanya kazi Nairobi hapungukiwi na ushauri kuhusu programu huria za kukagua maandishi, ila karibu ushauri wote umetolewa na watu wanaohariri Kiingereza. Atasifiwa programu kwa wingi wa kanuni zilizokuja nayo, ilhali kanuni hizo hazimfai hata moja. Swali la kuanzia ni lingine kabisa: je, programu hii inaniruhusu kuiandikia kanuni zangu mwenyewe, bila kuwa mtaalamu wa kompyuta?

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Niliipitisha ripoti ndefu ya Kiswahili katika programu ya write-good, ambayo hulaumu sentensi zenye kauli ya kutendwa, nayo ikanyamaza kimya. Nilifurahi, mpaka mwenzangu aliponionyesha aya moja yenye "ilisemwa", "yaliafikiwa" na "kutekelezwa" zikifuatana. Programu ilikuwa inatafuta kauli ya kutendwa kwa umbo la Kiingereza. Ile ya Kiswahili, inayojificha katika kiambishi kimoja mwishoni mwa kitenzi, haikuwa na habari nayo.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua chochote, andaa faili ya majaribio. Chukua kurasa mbili za maandishi safi ya ofisi yako, upande ndani yake makosa 20 unayokutana nayo kila wiki: "mwanachi" badala ya "mwananchi", "kwasababu" iliyounganishwa, "viatu zangu", nafasi mbili baada ya nukta, kichwa kidogo kilichoruka ngazi. Kisha hesabu mambo mawili, yaani makosa yaliyonaswa na maneno sahihi yaliyolaumiwa bure. Hesabu ya pili ndiyo itakayoamua kama wenzako wataendelea kuitumia programu hiyo baada ya mwezi mmoja.

Kwa upande wa mtindo, mimi ningeanza na Vale. Hufanya kazi kwenye mstari wa amri (unaiandikia amri badala ya kubofya), leseni yake ni MIT, inayokuruhusu kuitumia na kuibadilisha bure, nayo huelewa muundo wa Markdown na HTML, yaani alama zinazoonyesha vichwa, orodha na viungo ndani ya maandishi, hivyo haikagui vipande vya msimbo vilivyomo kwenye maandishi. Kanuni zake huandikwa katika faili ndogo za YAML, yaani orodha za maandishi ya kawaida, ambazo hata mtu asiyejua kuandika programu anaweza kuzisoma:

extends: substitution
message: "Tumia '%s' badala ya '%s'."
level: warning
ignorecase: true
swap:
  mwanachi: mwananchi
  kwasababu: kwa sababu

Upatanisho wa ngeli ni mgumu zaidi, lakini sehemu yake hunasika. Niliandika kanuni inayolaumu neno lolote linaloanza kwa "vi" likifuatwa na "zangu", "zako", "zake" na ndugu zao, kwa kuwa kosa hilo limejaa katika maandishi ya hapa mjini. Ilinasa "viatu zangu" na "vitabu zetu" vizuri sana, kisha ikalaumu "viza zetu", ambayo ni sahihi kabisa. Ilinibidi nilitenge neno hilo. Kumbuka pia kuzima kanuni ya Vale.Spelling, kwa maana kamusi yake ya ndani ni ya Kiingereza cha Marekani na italipaka rangi karibu kila neno lako.

Epuka vilevile vipimo vya usomekaji kama kile cha Flesch cha mwaka 1948, ambacho huhesabu silabi kwa mazoea ya Kiingereza. Neno "anayetusaidia" lina silabi 8, na mtoto wa shule ya msingi hulielewa bila taabu.

Tahajia ni kazi ya Hunspell, injini inayotumiwa pia na LibreOffice na Firefox, na kamusi yake ya Kiswahili ipo. Usiitarajie ifanye miujiza. Hunspell hujenga maneno kwa kubandika viambishi kwenye mzizi, lakini uwezo wake wa kuvua viambishi vya mwanzoni vilivyopangana ni mdogo, na kitenzi cha Kiswahili kinaweza kubeba vinne kabla ya mzizi. Ndiyo maana maumbo marefu kama "hawatatufikishia" huweza kulaumiwa ilhali hayana kosa.

Kuna na suala la ritifaa, ile alama ya juu iliyomo katika "ng'", ambalo limenipotezea muda kuliko mengine yote. Jina Lang'ata likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka huonekana sawa na lile lililoandikwa kwa ritifaa iliyopinda, lakini kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, na kikagua tahajia kinaweza kulikata neno katikati na kukuuliza maana ya "ata". Amueni ofisini alama moja, kisha muandike kanuni inayoikataa nyingine. Anayegeuza faili za Word kwa Pandoc, programu ya kubadilisha aina za faili, aangalie hapa kwa makini zaidi, kwani chaguo lake liitwalo "smart" hubadilisha ritifaa bila kukuuliza.

Mpangilio hauna utata mwingi, kwa sababu nafasi tupu mwishoni mwa mstari haina lugha. Kuna programu mbili za kazi hiyo: Markdownlint huripoti makosa ya mpangilio katika faili za Markdown; Prettier huyarekebisha yenyewe. Chagua ya kwanza ikiwa waandishi wako hukasirika kazi yao inapoguswa. Katika markdownlint, zima kanuni ya MD013, inayodai mistari isizidi herufi 80, la sivyo kila aya itakuwa kosa.

Mwisho, tazama mahali maandishi yanapokwenda. LanguageTool, programu ya kukagua sarufi, ni nzuri kwa ile nusu ya Kiingereza ya ripoti zetu, ila Kiswahili hakimo katika lugha zake, na ukiitumia kupitia intaneti maandishi hutumwa kwenye seva ya watu wengine. Ripoti ikiwa na majina ya wagonjwa au wanafunzi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu moja kwa moja. Kwa bahati nzuri, msimbo wake ni huria, hivyo unaweza kuisakinisha kwenye kompyuta ya ofisi, ambako husikiliza kwenye mlango wa 8081 (namba ambayo programu nyingine huitumia kuifikia), na hakuna ukurasa utakaotoka nje ya jengo.