Kubadili chaneli kwa mguu kwenye ampli ya valvu bila ule mshindo wa "tuk"

Nachukua mfano wa Fender Twin Reverb ya saketi ya AB763, ile iliyotoka 1963, manake ina chaneli mbili kamili, Normal na Vibrato, kila moja na volume yake na tone zake, ila pedali yake ya kiwandani inawasha na kuzima mwangwi na tremolo tu, kuruka chaneli haiwezi. Mpiga solo anataka akanyage mara moja sauti ibadilike, basi. Sasa wengi wanafunga relei (swichi inayoendeshwa na umeme) popote palipo na nafasi, spika ikianza kupiga tuk kila wakikanyaga wanailaumu relei. Relei haina kosa! Ukifungua au kufunga swichi mahali penye DC (umeme wa mkondo mnyoofu), hata ndogo, valvu zinazofuata zinaikuza. Milivolti 20 tu zikipita kwenye valvu ya 12AX7 inayokuza kama mara 50 zinakuwa volti 1 nzima, na hiyo utaisikia mpaka nje. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kuchagua mahali pa kukata sauti.

Hatua ya 1, usiiruke. Ndani kuna DC ya zaidi ya volti 400 na inabaki kwenye kapasita hata ukishachomoa plagi. Zimwage kwa rezista ya kilo-ohm 10 ya wati 5 yenye waya zilizofunikwa vizuri, halafu pima kwa multimita mpaka uone volti zimeisha kabisa ndo utie mkono. Kama hujawahi kufungua ampli ya valvu, kaa na fundi anayezijua, tafadhali, hizi volti zinaua.

Hatua ya 2, pa kukata sauti. Tunatumia mguu wa kati wa poti ya volume, ule unaokwenda kwenye gridi (mguu unaopokea sauti) ya nusu ya pili ya valvu ya kila chaneli. Pale gridi inashikiliwa na poti yenyewe hadi eathi (sifuri ya saketi), kwa hiyo DC inatakiwa iwe sifuri. Hatukati waya wowote, chaneli isiyotumika tunaipeleka eathi pale pale inanyamaza. Ukikata njia kwa kuachanisha kapasita, upande mmoja unabaki unaning'inia hewani, volti zinajikusanya pale, ukirudisha tu, tuk! Kama kwenye ampli yako huna njia nyingine ila hiyo, weka rezista ya megaohm 1 au 2.2 kutoka upande unaoning'inia kwenda eathi.

Kabla ya kuchoma solda yoyote washa ampli, na hapa uwe mwangalifu sana maana imefunguliwa na ina umeme, volume weka katikati, pima DC kati ya ule mguu wa kati na eathi. Milivolti chache sawa. Zikiwa makumi, kuna kapasita ya tone inavujisha, ibadilishe kwanza. Dalili nyingine ni volume kukwaruza ukiizungusha. Hii ni dakika chache tu na ndiyo inayoamua kama utapata ukimya au la, mimi siwezi kufunga relei bila kuipima. Ukimaliza, zima na umwage kapasita tena kama hatua ya 1.

Hatua ya 3, umeme wa relei. Usiuchukue kwenye laini ya volti kubwa. Chukua volti 6.3 AC ya filamenti (nyuzi zinazopasha valvu moto), pitisha kwenye daiodi nne za 1N5819 zilizofungwa kama briji, kapasita ya maikrofaradi 1000 ya volti 16, halafu regyuleta ya 7805 inayotoa volti 5 na vikapasita vyake vidogo. Relei ndogo kama Panasonic TQ2-5V inakula milliampea 28 tu, transfoma haitahisi kitu. Ila sikiliza: filamenti za ampli hii tayari zina eathi, ama kwa waya wa katikati wa transfoma ama kwa rezista mbili za ohm 100, kwa hiyo negativu ya briji yako ISIGUSE chasisi, ikigusa penye waya wa katikati daiodi inaungua. Jeki ya pedali iwe ya plastiki basi. Na hapo hapo unapata faida, mkondo wa koili ya relei haupiti kwenye eathi ya sauti, ambako ungeleta tuk nyingine.

Daiodi ya 1N4007 iwe sambamba na koili, mstari wake upande wa pozitivu. Swichi ya pedali ni ya kawaida ya kubonyeza inakaa, nyaya mbili tu.

Hatua ya 4, kufunga. Mguu wa kati wa relei uende eathi ya upande wa volume. Ule unaogusana nao relei ikiwa imelala (haina umeme) uende volume ya chaneli ambayo hutaki isikike pedali ikiwa haijachomekwa, mwingine uende volume ya pili. Tumia waya wa skrini (wenye ganda la kukinga kelele), skrini ipate eathi upande mmoja tu, na nyaya za koili zisokotwe pamoja ziwe mbali na gridi.

Ingizo sasa: vuta waya wa skrini kutoka ncha ya jeki 1 ya Vibrato hadi ncha ya jeki 1 ya Normal, ila ile swichi ya ndani ya jeki ya Normal inayoipeleka ncha eathi ikiwa tupu uiondoe, la sivyo hupati sauti yoyote. Rezista za megaohm 1 zitakuwa mbili sambamba, toa moja.

Jaribu ukiwa kimya kwanza, volume zote mbili juu, kanyaga. Halafu piga noti ndefu kwenye Vibrato yenye mwangwi na kanyaga kabla haijaisha: springi ya mwangwi inaendelea kulia wakati Normal imeshashika, kwa sababu tumenyamazisha kabla ya mwangwi, na kwa kweli inapendeza. Ukisikia tuk ndogo bado, sogeza nyaya za koili, kisha pima kama jeki ya pedali haigusi chasisi.