Shina kuu la boga lako kubwa limepasuka? Weka kisu chini kwanza

Kuna mlio ukishausikia mara moja huusahau, kama mtu kavunja muwa. Mimi niliusikia mwezi wa saba, saa moja asubuhi, niko nyuma ya nyumba hapa Minnesota, Marekani, na kikombe cha chai mkononi, kugeuka nakuta shina kuu limeachia mbele kidogo ya boga, ufa wa shubiri nzima na maji yanachuruzika. Hakuna upepo, hakuna mnyama aliyepita. Boga lenyewe lilinenepa usiku, bega lake likainua shina juu, na mizizi ya shina ikawa imeshikilia chini, sasa hapo kitu kipi kiachie?

Ujue hili siyo boga la futari. Hii ni Atlantic Giant, mbegu aliyoizalisha Howard Dill kule Windsor, Nova Scotia, Kanada, na watu wa huku wameifanya ugonjwa kabisa, wanashindana la nani zito zaidi. Travis Gienger wa Anoka, hapa hapa Minnesota, 2023 alipima boga la kilo 1,247, halafu 2025 mapacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, wakampita na lao la kilo 1,278.8. Boga la namna hiyo likiwa kwenye wiki zake za kilele linaongeza kilo 20 na zaidi kwa siku, na chakula chote hicho kinapita kwenye shina lenye unene wa mpini wa jembe. Kwa hiyo shina kuumia siyo ajabu, ajabu ni msimu kupita bila kuumia.

Kosa la kwanza la watu wengi ni kukimbilia kukata. Usikate. Angalia kwanza jeraha limekaaje, kwa urefu au kwa kukingama, maana mishipa ya maji inakwenda kwa urefu wa shina. Chukua kitenge ukichane kwa urefu, nyuzi nyingi za urefu zinabaki nzima, ila ukikikata kwa upana umezimaliza zote. Ufa wa urefu unatisha kwa macho lakini mara nyingi mmea unaishi nao mpaka mavuno. Ufa wa kukingama, hata kama ni mdogo, huo ndo wa kuuogopa.

Dawa ya ufa wa urefu ni ukavu tu, hakuna uchawi. Shina la boga lina uwazi ndani, maji yakituama humo linaoza, kwa hiyo weka kipande cha ubao chini ya shina ili ufa uelekee pembeni maji yatoke. Safisha kisu kwa jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, kwangua yale yaliyolainika tu mpaka ukutane na nyama ya kijani iliyo ngumu, na ukifika hapo simama. Acha pakauke af nyunyiza dawa ya unga ya ukungu, wengi huku wanatumia captan, mimi nilitumia unga wa salfa, salfa hii hii ya mikorosho kwetu Masasi, harufu yake tu ikanirudisha nyumbani. Vaa glavu na barakoa, na jua likiwa kali usiimwage kwenye majani, yanaungua.

Halafu feni. Jirani yangu mmoja, mzee ambaye amelima haya maboga tangu sijafika nchi hii, alikuja akaangalia, hakusema kitu, akarudi kwake akaniletea feni ndogo ya mezani na waya mrefu wa umeme. Nikamwambia mzee, asante, lakini si nizungushie tu plasta? Akacheka, akasema ukifunga plasta umefungia jasho humo ndani, utafungua wiki ijayo ukute uji. Feni ikakaa nusu mita kutoka kwenye ufa, usiku na mchana, juu yake nimeegesha kibao isinyeshewe. Wewe na umeme wa nje kuwa makini, na ukimwagilia usimwagie pale.

Kila asubuhi inama unuse, siyo utani. Jeraha zima halina harufu, au lina harufu ya tango. Ukisikia harufu ya pombe ya ndizi iliyochacha na ukaona povu, uozo umeingia, rudia kukwangua na kukausha siku hiyo hiyo, usingoje wikiendi.

Sasa likiwa limekatika kabisa, pande mbili, hapo uliza limekatikia wapi. Likikatika mbele ya boga, upande wa ncha, pole lakini hujapoteza kitu kikubwa, chakula kinatoka nyuma, ungekuja kulikata mwenyewe tu baadaye. Likikatika kati ya kisiki, pale mmea ulipootea, na boga, hapo ndo utajua kama ulikuwa mkulima au ulikuwa unapiga picha. Kila kifundo, pale jani linapotokea, kinatoa mizizi yake kikifukiwa udongo, kwa hiyo kama ulikuwa unafukia shina na matawi ya pembeni tangu mwezi wa sita, kile kipande cha mbele kina miguu yake chenyewe na boga litaendelea, polepole lakini litaendelea. Kama hukufukia, fukia sasa hivi, mwagilia kidogo kidogo, funika majani na shuka jeupe mchana wa jua kwa siku kadhaa, na usitegemee rekodi.

Likikatika kabla hujachavusha, yaani mwezi wa sita bado hakuna boga, hiyo ndo nafuu kuliko zote. Chagua tawi la pembeni lenye afya karibu na palipokatika, ulifanye shina kuu jipya. Ulielekeze kwa vijiti, sentimita chache kila siku, na ufanye hiyo kazi mchana likiwa limelegea kwa joto, asubuhi limejaa maji linavunjika kama biskuti, niliwahi kuvunja la pili nikijaribu kuokoa la kwanza, nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Baada ya jeraha lolote punguza maji ya mkupuo na simamisha mbolea ya naitrojeni kwa siku kadhaa, shina lililojeruhiwa halihitaji kusukumwa.

Na kwa boga lako la mwakani, au hilo hilo kama bado dogo, ng'oa mizizi ya vifundo kama sentimita 60 kila upande wa boga ili shina liweze kunyanyuka bila kuvutana na ardhi. Vilevile sogeza shina kidogo kidogo liachane na bega la boga, kikonyo kikae pembe mraba na shina. Mimi hili nilikuwa nalijua, nililisoma, nikasema nitafanya Jumamosi. Likapasuka Alhamisi.

Mama naye nilimpigia video siku ile nimwoneshe, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaangalia ule ufa dakika nzima kimya, kisha akauliza: hayo majani yote hayo yanaliwa na nani? Nikamwambia mama haya yana dawa, hayaliwi. Akasikitika kuliko mimi, majani mazima ya kupika na karanga yanakaa tu, na boga lenyewe eti la kwenda kupimwa.

Feni ilikaa pale mpaka karibu na baridi ya kwanza. Ule ufa kufika mwezi wa tisa ulikuwa umekuwa kovu la rangi ya kahawia, gumu, ukiligonga kwa kucha linalia ko ko kama ubao.