Kabla ya kukutana na maswali ya kizio cha nane

Wengi wanaojiandaa kwa mtihani wa kompyuta hapa Kigoma wana njia moja tu: kila namba ya kizio cha nane (uandishi wa namba kwa tarakimu nane tu) wanairudisha kwanza kwenye kizio cha kumi, yaani namba zetu za kawaida, ndipo waitazame. Njia hiyo ni sahihi, ila inakula muda, na mara nyingi namba ilikuwa imeshajieleza kabla hujaanza kuigeuza.

Anza kwa kukagua tarakimu. Zinazoruhusiwa ni 0 hadi 7. Ukiona 8 au 9, kuna kosa, usiendelee. Hata misimbo ya rada ya ndege zinazotua hapa au Tabora iko hivyo: tarakimu nne, 0000 hadi 7777, jumla yake 4,096, na 7700 ni ya dharura. Kariri pia thamani za nafasi: 1, 8, 64, 512, 4,096. Hizi hazina mkato.

Chukua mfano wa 1915, mwaka ambao meli ya Liemba, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, ilishushwa ziwani hapa Kigoma. Igawanye kwa 8 mfululizo: mabaki ni 3, 7, 5, 3. Ukiyasoma kuanzia la mwisho unapata 3573. Tarakimu ya mwisho ni witiri, basi namba nzima ni witiri. Ingeishia na 0 au 4, ingegawanyika kwa 4. Ingeishia na 0, ingegawanyika kwa 8.

Sehemu inayostahili mazoezi zaidi ni ya 7 na 9. Katika kizio cha kumi tumezoea kujumlisha tarakimu ili kupima 9. Huku kazi hiyo ni ya 7, kwa sababu 8 ukiigawanya kwa 7 inabaki 1. Jumla ya 3, 5, 7 na 3 ni 18, na 18 ikigawanywa kwa 7 inabaki 4. 1915 nayo inabaki 4. Kupima 9, jumlisha na kutoa kwa zamu ukianzia kulia: 3 − 7 + 5 − 3 = −2. Ongeza 9, unapata baki la 7. Jaribu kwa mkono, utaona.

Mazoea ya kumi ndiyo yanayoponza. Namba kuishia na 5 au 0 hakukuambii lolote kuhusu kugawanyika kwa 5. Mwaka 2025 huandikwa 3751. Unaishia na 1, lakini unagawanyika kwa 5 vizuri kabisa. Hiyo 1 ina habari nyingine: 2025 ni mraba wa 45, na mraba wa namba yoyote witiri huishia na 1 katika kizio cha nane. Miraba ya shufwa huishia na 0 au 4. Kwa hiyo ukiulizwa kama 3573 ni mraba, jibu ni hapana, bila kutafuta kipeuo cha pili.

Kwenda kizio cha mbili ni rahisi: kila tarakimu moja inakuwa tarakimu tatu za 0 na 1, kwa hiyo 3573 ni 011 101 111 011.

Mwisho, kwa wanaoandika programu: katika lugha ya C, 010 ni nane, si kumi. Lugha ya Python 3 inaikataa kabisa, inataka 0o10. Kwa hiyo usiweke sifuri mbele ya namba kwa ajili ya urembo wa safu.