Jinsi ya kupima joto la chuma kilichoyeyuka bila kudanganywa na mita

Hii ni kwa walio viwanda vya nondo, zile fanesi za induksheni (tanuru za umeme) zinazoyeyusha skrapu. Kukisia joto kwa macho kuna wazee wanakuweza kweli, ila zamu ya usiku moshi umejaa hata wao wanapotea, na chuma kikimwagwa baridi kinagandia ndani ya ledo (ndoo kubwa ya kumwagia chuma), kikizidi moto unakula ukuta wa fanesi na umeme bure. Chuma cha nondo kinaanza kuganda kwenye nyuzi 1500 na kitu, kwa hiyo kumwaga wengi wanalenga 1600 kwenda juu.

Kipimo chenyewe ni tipu ya kutupa, bomba la karatasi ngumu na kwa mbele kuna kikofia kinachoyeyuka, ndani kikioo cha umbo la U chenye waya mbili nyembamba kama nywele, moja platinamu tupu, nyingine platinamu na rodiamu, rodiamu ikiwa 10% ni aina ya S, 13% ni R. Hapa angalia sana, manake ukichomeka tipu ya S na mita imesetiwa R, chuma cha 1600 itakusomea kama 1450 hivi na utaendelea kuchoma umeme tu. Kebo nayo iwe ya aina hiyohiyo, usiunge waya wa kawaida wa shaba.

Tipu iwe kavu!! Ikiwa na unyevu chuma kinakurukia usoni, kwa hiyo usiiweke sakafuni, na ngao ya uso, koti na glavu havina mjadala.

Sasa zima umeme wa fanesi kwanza (usalama wako, na pia namba inachezacheza umeme ukiwepo), sogeza slagi (uchafu unaoelea juu ya chuma) pembeni, zamisha haraka mpaka chini vizuri, mbali na ukuta, halafu TULIA usikoroge. Namba itapanda mbio, usiichukue hiyo, subiri ilale, ikikaa palepale ndo joto lako, sekunde kama 5 tu halafu toa, ukichelewa tipu inaungua na namba inaharibika.

Isipolala kabisa umegusa slagi au hujazamisha vya kutosha. Ikishuka badala ya kupanda, waya zimegeuzwa. Isiposoma kitu, safisha soketi ya fimbo (ile unayochomekea tipu) kabla hujalaumu tipu.

Na ile bastola ya infraredi inasoma ngozi ya juu na slagi, ya kumwagia chuma usiitegemee.