Tanjelo aina ya Minneola: panga uchavushaji kabla ya kuchimba mashimo

Minneola ni tanjelo iliyopatikana kwa kuchanganya balungi aina ya Duncan na chenza aina ya Dancy, na wakulima wa Florida, Marekani, walianza kuipokea mwaka 1931. Tunda lake lina maji mengi, rangi ya chungwa iliyokolea na utamu wenye uchachu kidogo, na hutambulika kwa urahisi kwa shingo iliyochomoza upande wa kikonyo. Ni tunda zuri sana, lakini mti wake una tabia ambayo mkulima asipoijua mapema atahangaika miaka mingi.

Maua ya Minneola hayawezi kujichavusha, wala mti mmoja wa Minneola hauwezi kuuchavusha mwingine. Mkulima anayeona miti yake imechanua vizuri kisha vitunda vichanga vikapukutika karibu vyote, kwa kawaida hukimbilia kuongeza mbolea, ilhali kinachokosekana ni chavua ya aina nyingine. Tanjelo aina ya Orlando haifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa ina wazazi walewale. Dancy huchavusha vizuri, ila hushambuliwa na ugonjwa uleule wa madoa ya kahawia unaoitesa Minneola, na kwa sababu hiyo ningechagua Klementina, aina nyingine ya chenza. Panda safu moja ya miti ya kuchavusha kwa kila safu mbili au tatu za Minneola, weka mizinga ya nyuki karibu wakati wa maua, na usipulizie kabisa dawa ya wadudu maua yakiwa wazi. Matunda yaliyochavushwa huwa na mbegu zaidi, jambo ambalo baadhi ya wanunuzi hawalipendi, lakini bila uchavushaji mavuno huwa haba na hubadilikabadilika mwaka hadi mwaka.

Tumia miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa juu ya shina la mche mwingine, kutoka kitalu kinachoaminika, kwa sababu ugonjwa wa kijani wa michungwa husambazwa na miche yenye maambukizi pamoja na wadudu wafyonzaji, na mti ukishaambukizwa hauponi. Udongo usiotuamisha maji ni wa lazima. Unapopanda, hakikisha sehemu ya maungio inabaki juu kabisa ya usawa wa ardhi, na matandazo yasigusane na shina, kwani unyevu wa kudumu hapo hukaribisha vimelea vinavyoozesha gome na kulifanya litoe utomvu kama gundi. Maotea yanayochipua chini ya maungio yaondolewe yakiwa bado laini.

Madoa ya kahawia husababishwa na ukungu uitwao Alternaria, na hapa ndipo uangalifu mkubwa unahitajika. Chunguza majani machanga: utaona doa dogo la kahawia lililozungukwa na rangi ya manjano, ambalo mara nyingi hutanuka kufuata mishipa ya jani hadi jani lianguke. Matunda machanga hudondoka, na yale yanayobaki huwa na makovu yanayoshusha thamani yake. Ukungu huu huhitaji majani laini yaliyokaa na maji kwa saa nyingi, hivyo mwagilia chini ya mti badala ya juu ya majani, acha nafasi ya kutosha ya hewa kupita, na epuka naitrojeni nyingi au upogoaji mkali, kwa kuwa vyote viwili huchochea machipukizi mengi kwa mpigo. Dawa za shaba hukinga, lakini haziponyi doa lililokwisha kuingia, kwa hiyo zinapaswa kupuliziwa kabla ya mvua kuyakuta majani na vitunda vichanga.

Wakati wa kuvuna, onja kwanza matunda ya miti kadhaa, kwa sababu rangi pekee hudanganya na tanjelo haiongezeki utamu ikishachumwa. Kata kikonyo kwa mkasi, karibu kabisa na tunda, bila kuvuta. Ukivuta, ngozi huchanika kwenye shingo na tunda huoza ndani ya siku chache. Usiyaache matunda yaliyoiva mtini kwa muda mrefu ukisubiri bei, kwani mti unaobeba mzigo huo hupunguza mavuno ya msimu unaofuata.