Umerithi vitabu adimu: uviuze kwa njia gani?

Marehemu ameacha kabati zima la vitabu, na kila anayekuja kutoa pole anasema hapo pana hela. Huenda kweli. Lakini kabla hujampigia mnunuzi yeyote, jua kwamba vitabu hivyo si mzigo mmoja. Mara nyingi vichache tu ndivyo vinavyobeba karibu thamani yote, vilivyobaki vinajaza rafu. Anayekuja na bei moja ya "vyote kwa jumla" analijua hilo vizuri, na anaomba Mungu wewe usilijue.

Hatua ya 1: Haki ya kuuza. Kama mirathi haijafungwa, mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi. Warithi wakubaliane kwa maandishi, na kila kitabu kiorodheshwe na kupigwa picha kabla hata kimoja hakijatoka nyumbani.

Hatua ya 2: Usikarabati. Usibandike selotepu, usifute madoa, usipeleke kwa fundi akuvalishie jalada jipya. Wanunuzi wa vitabu adimu wanataka kitabu kilivyotoka kwa mchapishaji, hata kikiwa kimechoka. Vikaratasi vilivyomo ndani (barua, risiti ya zamani, kadi) viache palepale, maana ndivyo vinavyoonyesha kitabu kimepita mikononi mwa nani.

Hatua ya 3: Chambua. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinategemea hii.

Umri peke yake hauuzi. Biblia za familia za karne ya 19 na seti za ensaiklopidia zilichapwa kwa wingi mno, na leo hata kuzigawa bure ni kazi. Ila ukikuta kitabu kilichochapwa Ulaya kabla ya 1501, kiweke kando kwa mtaalamu hata kama kimechakaa.

Kwa vitabu vya karne ya 20, fungua ukurasa wa hakimiliki. Unatafuta toleo la kwanza, chapa ya kwanza, yaani nakala zilizotoka kitabu kilipochapwa mara ya kwanza kabisa. Wachapishaji wengi wa miongo ya karibuni huweka msururu wa namba, kwa mfano 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Namba ndogo kuliko zote inaonyesha ni chapa ya ngapi. Ikiwepo 1, kwa kawaida ni ya kwanza. Kuna wakaidi: Random House kwa miaka mingi chapa yao ya kwanza iliandikwa "First Edition" na msururu ukaishia 2. Kwa hiyo usitupe kitu kwa kuangalia namba tu.

Kisha angalia karatasi inayovikwa juu ya jalada gumu. Watu huitupa ikichanika, kumbe kwa riwaya za karne ya 20 inaweza kuwa ndiyo sehemu kubwa ya bei. The Great Gatsby ya 1925 ikiwa na karatasi yake huuzwa kwa bei iliyo mara nyingi zaidi ya ile ya nakala isiyo nayo. Kwa vitabu vya safari na sayansi vya zamani, hesabu ramani na picha ukilinganisha na orodha iliyo mwanzoni. Ramani moja ikikosekana bei inaporomoka.

Mwishowe uwe na mafungu matatu: vichache vya juu, vya kati, na vya kawaida.

Hatua ya 4: Pima bei. Bei unazoziona AbeBooks, soko la vitabu la mtandaoni, ni zile anazoomba muuzaji. Hazikuambii kama kuna mtu aliyelipa. Tazama matokeo ya minada, ambayo nyumba za mnada kama Christie's na Sotheby's huyaweka wazi mtandaoni. Pia, tathmini ya bima huonyesha gharama ya kununua kitabu kingine kama hicho dukani. Wewe hutalipwa kiasi hicho.

Hatua ya 5: Kila fungu na njia yake. Vya juu vipeleke mnadani, tena kwa nyumba ya mnada yenye idara ya vitabu. Uliza mapema kamisheni yao, nani analipia picha na bima, na kitabu kisipouzwa unadaiwa nini. Kubalianeni bei ya chini ambayo kitabu hakiuzwi pungufu yake. Pesa huchukua miezi.

Vya kati ningempa mfanyabiashara wa vitabu adimu. Atakupa labda theluthi hadi nusu ya bei atakayouzia, na watu huona wameibiwa. Mimi sioni hivyo, kwa sababu kitabu kinaweza kumkalia rafuni miaka. Ukiweza kusubiri, mwachie kwa mali kauli: auze, akate kamisheni, kwa mkataba ulioandikwa. Tafuta aliye chini ya ILAB, umoja wa kimataifa wa wafanyabiashara hawa ulioanzishwa 1948, ambao una kanuni za maadili.

Kuuza mwenyewe mtandaoni kunaweza kukuletea bei nzuri zaidi kwa kitabu kimoja kimoja, lakini jiandae kuandika maelezo, kufungasha na kupokea vinavyorudishwa. Vya kawaida uza kwa mafungu au toa msaada.

Maswali ya wasomaji

Mwalimu, mnunuzi anasema atatathmini bure halafu anunue yeye mwenyewe. Ni sawa?
Si kosa, ila bei ikiwa ndogo anayefaidika ni yeye. Tafuta mtu wa pili. Na muulize: utachukua vingapi, utaacha vitabu gani? Akichomoa vitano bora, vilivyobaki utaviuza kwa shida.

Vitatu vina mihuri ya maktaba.
Tafuta muhuri unaosema kimeondolewa rasmi kwenye maktaba. Usipouona, iandikie maktaba husika kwanza. Kurithi hakukupi haki ambayo marehemu mwenyewe hakuwa nayo. Hata vikiwa halali, mihuri hushusha bei.

Dada yangu anataka tugawane sawa kwa sawa, kila mtu vitabu mia mbili.
Mkigawana kwa idadi, mmoja ataondoka na karibu thamani yote. Uzeni vya juu mgawane fedha, vingine kila mmoja achague kwa bei ya tathmini. Seti ya juzuu tatu isitenganishwe kamwe. Na kama vyote ni vya somo moja, ulizeni kwanza maktaba za vyuo vikuu. Baadhi hununua mkusanyiko mzima.

Nahitaji hela mwezi huu.
Basi mnada sahau. Uza vichache vya kati kwa mfanyabiashara anayelipa papo hapo, na vya juu usiviguse mpaka dhiki ipite.