Ng'ombe katoka bandani: namna ya kumrudisha bila kumkimbiza

Huku Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro, kwenye vihamba vyetu (mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba), ng'ombe hawachungwi. Anazaliwa bandani, anakula bandani, anakamuliwa bandani, na majani tunambebea kichwani. Siku ufito unapovunjika akatoka, hajui njia, hajui mteremko, hajui mfongo, yaani mfereji wa maji, ni kitu gani. Kwato zake ni ndefu na laini kwa kusimama kwenye unyevu. Ng'ombe wa namna hiyo, mwenye kilo 400 na zaidi, ukimkimbiza kati ya migomba anavunjika mguu kabla hujamfikia.

Nimefuga kwa miaka 19. Mwaka wa tatu nilipoteza mtamba mwenye mimba ya miezi 7. Alitoka alfajiri, tukamfukuza watu sita na mbwa wawili, kila mmoja anapiga kelele upande wake. Akaruka mfongo, akateleza, mguu wa mbele ukakatika juu ya goti. Tulimchinja palepale. Kila mtu siku ile alikuwa amekuja kusaidia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilichojifunza tangu hapo ni hiki: mnyama aliyetoka hakukimbii wewe, anakimbia haraka yako.

Hatua ya 1: Usimfuate kwanza. Hesabu, kisha fungua mlango.

Hesabu waliobaki. Mara nyingi unamwona ng'ombe mmoja barabarani, unamkimbilia, kumbe mbuzi watatu nao wameshaingia kwenye maharage ya jirani. Halafu fungua mlango wa banda wazi kabisa, weka majani kwenye hori, na uondoe kila kinachoning'inia au kung'aa mlangoni: shuka iliyoanikwa, toroli, karatasi ya nailoni. Ng'ombe hapimi vizuri kina cha kitu kilicho chini. Dimbwi dogo au kivuli cheusi mlangoni yeye anakiona kama shimo. Mimi humwaga pumba kidogo au majani makavu juu ya dimbwi lolote lililo njiani.

Ng'ombe wengine wabaki bandani, usiwatoe. Aliye nje akiwasikia wenzake wanalia, tayari una msaidizi.

Hatua ya 2: Watu watatu wanatosha.

Mmoja aende kwenye barabara ya lami mara moja, wakati wewe bado unahesabu. Kazi yake si kumrudisha ng'ombe, ni kupunguza mwendo wa pikipiki na magari. Wa pili akae upande wa mfongo au korongo. Wa tatu ndiye anayemwendea mnyama, na huyo awe yule anayemkamua. Nyumbani kwangu ni mke wangu. Mimi nina nguvu kuliko yeye, lakini ng'ombe anaijua sauti yake na harufu ya kanga yake, basi mimi nakaa kwenye mfongo.

Mbwa wafungwe. Watoto wanaopiga miluzi wapewe kazi nyingine, kwa mfano kushikilia mlango. Majirani wakija, washukuru na uwaombe wasimame pale walipo. Ni vigumu kumwambia mzee aliyeacha uji wake asisogee, lakini mwambie kwa heshima: "Mzee, naomba unizibie hapo kwenye masale ya mpakani." Amepata kazi, na pengo limezibwa.

Hatua ya 3: Msome kabla hujamsogelea.

Hapa usiwe na haraka. Simama mbali, umtazame dakika mbili. Akiwa ameinamisha kichwa anakula, mambo ni mepesi. Akiwa ameinua kichwa juu, masikio yameelekezwa kwako na mkia umebana, bado ana hofu, na hatua moja tu itamwondoa.

Kila mnyama ana umbali wake. Ukiuvuka, anaondoka. Ukirudi nyuma hatua moja, anatulia. Ng'ombe wa bandani anayeshikwa kila siku atakuruhusu ufike hata mita moja akiwa kwao, ila akiwa nje umbali huo unaongezeka. Utaujua mpaka wake kwa kusogea polepole mpaka ainue kichwa. Hapo simama, rudi hatua moja, ngoja atafune tena.

Ng'ombe anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, isipokuwa moja kwa moja nyuma ya mkia. Usimwendee kwa nyuma kimyakimya, utamshtua au utapigwa teke. Mwendee kwa ubavu, kwa kupinda, huku unaongea. Usimkazie macho.

Kitu kikubwa kabisa ni bega lake. Ukiwa mbele ya bega, anasimama au anageuka. Ukiwa nyuma ya bega, anaenda mbele. Ukisimama usawa wa bega na kupiga hatua moja kuelekea mkiani, ataondoka mwenyewe bila fimbo wala kelele. Ukitaka asimame, piga hatua mbili kuelekea kichwani. Jaribu kesho bandani kwako, utaona anavyokujibu. Mimi nilichelewa miaka mingi kulijua hili, nilidhani kufukuza ng'ombe ni kukaa nyuma yake na fimbo.

Hatua ya 4: Ndoo kwanza.

Chukua ndoo yenye pumba na mashudu ya alizeti kidogo, ile ile anayolishiwa siku zote, na uitikise. Mlio wa pumba kavu kwenye plastiki anaujua kuliko jina lake. Mwache aonje mara moja, usimshike hapohapo, kisha geuka umpe mgongo na utembee kuelekea bandani. Atakufuata. Ukisimama kila hatua tano kumtazama, naye atasimama.

Ukijaribu kumshika mara tu anapoingiza pua kwenye ndoo, ukamkosa, ndoo imekwisha thamani kwa siku hiyo. Kama ana ndama, mlete ndama akiwa kwenye kamba, mtembeze mbele polepole, mama atakuja nyuma.

Hatua ya 5: Ndoo ikishindwa, msukume kwa nafasi.

Watu wawili watembee nyuma yake, mmoja kushoto mmoja kulia, kwa umbali unaomfanya atembee bila kukimbia. Wasiwe mstari mmoja naye. Mikono iwe wazi, au kila mmoja ashike jani la mgomba ili aonekane mpana. Akigeuza kichwa upande, mtu wa upande huo asogee hatua moja tu. Akisimama kutazama, mwacheni atazame. Akianza kukimbia, nyote simameni. Ni vigumu miguu kutii, lakini ng'ombe asiyefuatwa hupunguza mwendo mwenyewe baada ya mita chache.

Kwenye kihamba usimpitishe kati ya kahawa, matawi yanamchoma macho naye anavunja mibuni. Mpeleke kwenye kinjia cha kawaida hata kama ni mzunguko.

Hatua ya 6: Kamba ni ya mwisho.

Tumia hatamu, au kamba ya manila iliyofungwa kichwani kwa fundo lisilojikaza. Kitanzi cha shingoni kinachojikaza kinamnyonga, na akinyongwa anapambana zaidi. Usizungushe kamba mkononi hata mara moja. Nimemwona kijana akiburutwa hatua ishirini kwa sababu alijifunga kamba kiganjani, na vidole viwili havikupona vizuri. Akivuta, zungusha kamba kwenye mti imara, mti ndio ushike uzito wake, si wewe.

Mbuzi, nguruwe na kuku

Mbuzi hawafukuzwi kabisa, wanatawanyika na kupanda juu ya kila kilicho juu. Mtafute mbuzi jike anayeongoza, mpe chumvi au punje za mahindi kiganjani, mshike kola, uondoke naye. Wengine watamfuata. Mwenye kitoto ni rahisi zaidi: beba kitoto chini, usawa wa pua ya mama, anuse njia nzima. Ukikiinua begani, mama anadhani kimebaki pale kilipokuwa na anarudi kukitafuta.

Nguruwe akiona mwanya mbele yake atapita hata kama umesimama katikati. Mwonyeshe ukuta: kipande cha ubao au mlango wa zamani, ushikwe mbele ya magoti, usukumwe polepole. Akigoma, kuna njia ya wazee inayofanya kazi vizuri: mvishe tenga au ndoo kichwani. Ataanza kurudi kinyumenyume ili ajitoe, na wewe unamwongoza kwa mkia mpaka mlangoni. Ngoja jua lipungue, maana nguruwe hana jasho la kumpoza na anaweza kufa kwa joto. Kama alifika kwenye banda la nguruwe wengine, mtenge kwanza na uwasiliane na mtaalamu wa mifugo. Homa ya nguruwe haina dawa.

Kuku waache. Giza likiingia watarudi wenyewe.

Ikiwa ni usiku

Mwanga wa tochi usimpige machoni, elekeza chini mbele ya miguu yake. Washa taa ya banda, kwani mnyama huenda kwa urahisi kutoka gizani kwenda kwenye mwanga. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu unaposhuka huku juu mpaka huoni mgomba wa tatu, mimi simtafuti kwa miguu. Nasimama, natikisa ndoo, nasikiliza. Akiwa amepata majani, mwache ale, weka mtu wa kulinda upande wa barabara, subiri kupambazuke.

Akisharudi, kazi haijaisha

Kwanza, amekula nini? Tazama kishimo kilicho upande wa kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Kikiwa kimejaa, na ukikigonga kinalia kama ngoma, tumbo limejaa gesi. Maharage mabichi na lusini (jani la malisho) yenye umande husababisha hilo, na linaua kwa muda mfupi. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu kwenye mteremko, mwite daktari wa mifugo, na kama bado anameza vizuri mnyweshe mafuta ya kupikia, nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, mbuzi mililita 100 hivi. Kidogo kidogo kwa pembeni ya mdomo, kichwa usikiinue juu, mafuta yasije yakaingia kwenye mapafu. Aliyelala na kushindwa kumeza usimnyweshe kitu.

Akiwa amevamia gunia la mahindi au unga, usidanganyike kwamba yuko mzima. Madhara huja saa nyingi baadaye: anaacha kula, anaharisha, anayumba. Mwite daktari kabla dalili hazijaanza. Majani ya mparachichi ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe, yanaharibu kiwele na moyo. Kama alipita kwenye kahawa, muulize mwenye shamba alipulizia dawa lini na dawa gani, na maziwa usiuze mpaka daktari aseme.

Pili, kupe. Ng'ombe wa bandani hajazoea kupe, na matembezi ya saa mbili kwenye majani ya njiani yanatosha kumletea ndigana kali. Pekua ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele. Wang'oe wote, kisha mpake dawa ya kupe. Kwa wiki tatu zinazofuata mguse chini ya masikio kila asubuhi. Ukikuta mitoki imevimba, au joto limepita nyuzi 39.5, usingoje kesho.

Tatu, kwa nini alitoka? Wengi tunapigilia ubao mpya tu bila kujiuliza. Ng'ombe mwenye hori lililojaa na maji safi kwa kawaida hatafuti mlango. Kama alikuwa analia usiku kucha, anapanda wenzake na anatoa ute mwepesi mrefu kama wa yai, yuko kwenye joto la kutaka dume, na atajaribu tena baada ya siku 21 hivi. Mwite mhamilishaji, yule anayepandikiza mbegu za dume, siku hiyohiyo. Kama alifika kwa dume la mtu, andika tarehe ukutani.

Ng'ombe wangu mmoja, Maua, alikuwa anafungua komeo kwa ulimi. Nilijificha nyuma ya gunia za majani nikamwona: anaulamba ule mti polepole, anausukuma kwa ncha ya ulimi, unateleza sentimita moja moja mpaka unaanguka. Nikatoboa tundu kwenye komeo na kupitisha msumari wa inchi sita kutoka nje. Hakufungua tena.

Kwa jirani uende wewe mwenyewe

Usingoje aje kulalamika, wala usimtume mtoto. Nenda siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, mkatembee pamoja mstari kwa mstari, na hasara mkaihesabu wote wawili. Ikiwa ni kubwa, mwiteni balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, na afisa kilimo apime. Huku kwetu isale, mmea wa majani marefu, ndilo mpaka wa shamba, na ndilo linaloombea msamaha. Siku Maua alipokanyaga maharage ya mama jirani wa juu, nilichuma isale kwenye mpaka wetu, nikalikunja fundo, nikampelekea kwa mikono miwili. Alilipokea akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Njoo uone yaliyobaki, baba." Yalikuwa mistari minne iliyolala chini, maua yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka. Jumamosi nilirudi na kilo mbili za mbegu, magunia mawili ya samadi na wanangu wawili, tukapanda upya.